Gari Linalokunywa Kisima Changu

Tarehe 2 mwezi wa tisa, Jumatatu. Pingili sita na nusu.

Daftari hili ni la kisima. Asiyehusika na kisima changu asilisome. Anayehusika ananijua, hana haja ya kulisoma.

Nimelinunua leo sokoni Newala kwa sababu la mwaka jana limeliwa na mchwa. Kila msimu wa korosho naandika kina cha maji mpaka mvua inyeshe. Kisima alikichimba marehemu mume wangu ubavuni mwa nyumba, akakipiga saruji, akaelekeza humo maji yote ya bati. Kikijaa kinafika pingili tisa za ufito wangu wa mwanzi. Mimi nilisoma kisomo cha watu wazima tu, tena nikiwa na mtoto mgongoni, lakini kuhesabu pingili hakuhitaji cheti. Tangu kichimbwe sijabeba ndoo kwenda kuomba maji kwa mtu. Mtaa huu hakuna mwingine wa kusema hivyo.

Tuko wanne. Mimi Stamili. Mjukuu wangu Anwari. Mkewe Pendo, tuliyemtoa Lupaso. Na mtoto wao mchanga, wamempa jina la babu yake, Hamudi, mwanangu aliyefariki. Wa tano ni pikapu, aliyotuachia huyo Hamudi. Inashuka bondeni kwenye chemchemi, inapanda na tangi moja. Nusu Anwari anauza, nusu inaingia kisimani. Ndiyo maana mwezi wa tisa mimi nina pingili sita na nusu, wenzangu wanakwangua tope.

Tarehe 5, Alhamisi. Sita na nusu.

Anwari karudi amenuna. Kule kilimani Walter kampita na lori lake jipya, kampigia honi tatu, na wapakiaji waliokaa juu ya matangi wakazomea. Walter ni mtoto wa jirani yangu Dorika. Nikamwambia Anwari: baba yako alipanda kilima kile miaka kumi na moja kwa gia ya kwanza, akipitwa hata na watu wa miguu, na hakufungua injini hata siku moja.

"Bibi, wakati ule Walter hakuwepo."

Nikamwambia wakati ule adabu ilikuwepo.

Tarehe 6. Korosho zimeanza kudondoka upande wa bonde. Anwari kaenda Masasi na gari. Hakusema kufanya nini. Sikuuliza, nilitaka aseme mwenyewe.

Tarehe 10, Jumanne. Sita kamili.

Siku nne hakuna gari, kisima kimeshuka nusu pingili. Leo karudi. Nililisikia gari kabla sijaliona, linapiga mluzi kama mtu anayeita mbwa. Akafungua boneti hata hajazima.

"Shikamoo, bibi. Njoo umwone mke mwenzio wa tatu."

"Marahaba. Huyo ni nani?"

Chuma kimejikunja kama konokono, kimebandikwa ubavuni mwa injini. Kinaitwa tabo. Anasema moshi unaotoka unazungusha feni, feni inashindilia hewa ndani, hewa ikizidi mafuta yanazidi, na nguvu inazidi.

"Na aliyelitengeneza gari alisahau kukiweka?"

"Hakusahau. Injini hii ilitoka bila tabo. Fundi Optatus kakitoa kwenye injini iliyokufa."

"Kwa hiyo mmelipa gari la baba yako pafu la maiti."

Pendo akacheka mpaka mtoto akaamka. Anwari hakucheka. Kasema kesho nitaona.

Tarehe 11, Jumatano. Sita na nusu.

Nimeona. Kapanda na matangi mawili badala ya moja. Kampita Walter palepale kilimani, kwenye kona ya mawe, kisha akasimama juu kumsubiri ili amsalimie. Mtaa mzima walitoka. Dorika naye alisimama mlangoni, kakunja mikono. Mimi nilijifanya nachambua korosho, lakini moyo wangu ulikuwa unapiga vigelegele. Naandika ukweli, daftari ni langu.

Tarehe 13. Sita na robo tatu.

Tarehe 16. Saba. Mwezi wa tisa na kisima kinapanda! Sijawahi kuliandika hilo.

Tarehe 18. Saba. Mabibo yanaoza shambani, nyuki kila mahali. Pendo kaumwa na nyuki shavuni, mumewe kamcheka, wamenuniana mpaka chakula cha mchana.

Tarehe 24, Jumanne. Saba kasoro.

Asubuhi Anwari kachota kisimani kopo moja, akamimina kwenye rejeta ya gari. Kopo la pili. La tatu.

"Jana si ulijaza?"

"Yamepungua kidogo."

"Yamepungukia wapi? Chini pakavu."

Gari likiwa linaunguruma nikachungulia pale kwenye mfuniko. Maji yanatoa mapovu kama chungu cha kunde. Nikamwambia maji hayo yanachemka. Akaniambia hayachemki, bibi, ni hewa tu inatoka. Nimepika miaka hamsini. Huyu ananifundisha chungu.

Tarehe 27, Ijumaa. Sita na nusu.

Gari limefia kwenye kona ya mawe, na matangi mawili mgongoni. Moshi mweupe umetoka nyuma kama mtu anachoma majani mabichi. Anwari kafungulia maji yote yakamwagika barabarani, kisha kashusha gari kinyumenyume mpaka mahali pasipo na mteremko. Kuja kuchomoa kijiti cha oili, oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Kanieleza, na leo kaeleza vizuri maana ameogopa. Injini ina tumbo na ina kichwa, wao wanaita hedi. Katikati yao kuna bamba jembamba, gasketi. Lina matundu ya moto, matundu ya maji na matundu ya oili, na kazi yake ni kuwatenga hao watatu wasikutane. Kichwa kinafungwa kwa bolti juu yake, kimekandamizwa. Sasa tabo imeleta nguvu ndani ambayo hizo bolti hazikuzoea. Nguvu inakisukuma kichwa juu, unywele tu, na unywele unatosha. Moto unapenya kwenye maji. Maji yanapenya kwenye moto.

"Kwa hiyo gari la kuleta maji limekuwa la kunywa maji," nikasema.

Pendo safari hii hakucheka.

Tarehe 3 mwezi wa kumi. Sita. Gasketi mpya imefungwa. Gari linapanda.

Tarehe 5. Sita. Linapanda. Tangi moja tu, kaahidi.

Tarehe 8. Sita na robo. Matangi mawili. Ahadi yake imedumu siku tatu.

Tarehe 14, Jumatatu. Tano na nusu.

Gasketi ya pili imepasuka. Hedi imepanda basi kwenda Masasi imefungwa kwenye gunia kama mbuzi, Anwari kaipakata. Fundi Optatus kasema imepinda, lazima ichongwe uso isawazike. Kwa akili zangu kitu kilichopinda ukikichonga kinabaki chembamba. Nikamuuliza Anwari kwenye simu. Kasema bibi, acha mafundi wafanye kazi yao. Nimekata simu mimi.

Tarehe 15. Tano na robo. Anwari karudi, hedi imebaki kwa fundi.

Tarehe 17. Tano. Ndoo moja kuoga watu wazima watatu. Mtoto ana beseni lake, halihesabiwi.

Tarehe 19, Jumamosi. Tano kasoro.

Dorika kaja na ndoo. Lori la Walter limekodiwa kusomba korosho kupeleka maghalani, wiki ya pili hajarudi, na lile tangi lao kubwa la plastiki limekauka. Bomba la mtaa nalo halijatoa tangu mwezi wa nane.

"Hodi, Mama Hamudi."

"Karibu, Mama Walter. Hiyo ndoo inatembea au imetumwa?"

"Imetumwa. Naomba hiyo moja tu, ya kupikia."

Pingili tano kasoro. Gari lipo juu ya mawe halina kichwa. Ningeweza kumwambia hivyo, tukakaa chini tukalia wote wawili kama watu. Lakini nikaiona ile siku ya honi tatu. Nikasema, tena kwa sauti ili na wa jirani wasikie: "Mwenye lori anaomba maji kwa mwenye pikapu? Kisima changu hakina mlango wa uani, Mama Walter. Kangoje lori."

Akanitazama. Kasema, "Haya." Kageuka na ndoo yake.

Pendo alikuwa ananyonyesha barazani. Kasema, "Bibi, ndoo moja?"

Nikamwambia anyonyeshe.

Tarehe 23. Nne na nusu. Hedi imerudi inang'aa. Imefungwa.

Tarehe 24. Nne na nusu. Linapanda. Lina nguvu kuliko mwanzo, hata mluzi umebadilika. Anwari anaimba.

Tarehe 29. Tano. Shamba la juu tumemaliza kuokota. Mgongo.

Tarehe 2 mwezi wa kumi na moja, Jumamosi. Nne na nusu.

Gasketi ya tatu imepasuka. Hapo hapo kwenye kona ya mawe. Ile kona sasa naijua kwa sauti: mluzi unapanda, unapanda, kisha kimya.

Fundi Optatus kapanda mwenyewe kuja Newala, na boksi la spana. Ni mtu mzima, ana adabu, kanipa shikamoo kabla hajaomba hata pa kukaa. Nikaitikia, nikampa maji ya kunywa, glasi moja, nikamuuliza mbele ya Anwari kwa nini haliponi.

"Mama, nilimwambia huyu," kasema. "Kila tunachokifanya kinaongeza ugonjwa. Nimechonga hedi, imekaa sawa, lakini imeshuka. Chumba cha moto kimekuwa kidogo, mgandamizo umezidi. Tabo inashindilia juu ya hapo. Na bolti ni zilezile za zamani, zimeshavutika. Ukizikaza zinakubali, lakini hazishiki."

"Dawa yake?"

"Mbili. Aitoe tabo, gari lirudi kama enzi za marehemu baba yake, gia ya kwanza na tangi moja. Au asubiri bolti nene kutoka Dar na gasketi ya chuma tupu, mnada wa korosho ukishalipa."

"Itoke tabo," nikasema.

Anwari alikuwa amechuchumaa, ameshika gasketi iliyopasuka. Pale kati ya tundu la moto na tundu la maji pameungua, pana njia nyembamba kama ya sisimizi. Kasema bila kuinua uso: "Nikitoa, Walter atajua. Mtaa mzima watajua. Bibi, wewe ungetoa?"

Hapo ningejibu ndiyo, tungekuwa na gari. Sikujibu. Fundi kaweka gasketi mpya mezani, kasema mkishaamua mniite, akaliacha boksi la spana, akaenda stendi.

Tarehe 3, Jumapili. Nne na robo.

Siku nzima nimeitazama hiyo gasketi. Kivujacho ni kivujacho, iwe chungu iwe injini. Mwaka ambao Hamudi alianza shule, kisima kilipata ufa upande wa mashariki. Mafundi wa saruji walikuja mara tatu, mara tatu ukavuja. Mimi nikachukua maganda ya korosho, nikakamua yale mafuta meusi kwenye moto, nikayachemsha mpaka yakavuta kama ulimbo, nikapaka. Mpaka leo ule ufa haujatoa hata tone.

Nikamwambia Anwari.

"Bibi, ndani ya injini kuna moto."

"Na haya mafuta yanatoka wapi? Kwenye barafu?"

"Fundi hajawahi kusema."

"Fundi wa Masasi anajua nini cha maganda? Yeye anakula kokwa tu."

Kalitazama gari. Kanitazama. Nilimwona anavyotaka kuniamini. Kasema, "Sawa, mume wako kakubali." Nikamwambia mume gani huyu, marehemu alikuwa na akili zaidi.

Tarehe 4, Jumatatu. Nne na robo.

Nimekaanga maganda kwenye bati lililotobolewa, mafuta yakachuruzika kwenye kopo. Moshi wake unatoa machozi mpaka Pendo akamkimbiza mtoto nyuma ya nyumba. Vidole vyangu vimebabuka, vitatu vya kulia, ngozi imekuwa nyeusi. Najua kushika ila leo nilikuwa na haraka. Anwari kapaka pande zote mbili za gasketi kwa unyoya wa kuku, mimi nikimsimamia. Nilimwambia aongeze. Aliona inatosha. Nilimwambia aongeze.

Kafunga hedi mwenyewe kwa spana ya Optatus, ile ya kupimia mkazo wa bolti.

Tarehe 6. Nne na nusu. Limepanda. Rejeta haina povu hata moja.

Tarehe 8. Nne na nusu. Limepanda mara mbili.

Tarehe 10. Tano. Nimemwambia Anwari nikifa waniandike kaburini mwalimu wa gereji. Kacheka, kanibeba juujuu kama gunia, nikampiga kofi la mgongo.

Tarehe 12. Tano. Wakati huu miaka mingine mawingu yangekuwa yameshaanza upande wa Ruvuma. Hakuna kitu. Mbingu nyeupe.

Tarehe 13. Tano. Limepanda. Mtoto kacheka leo mara ya kwanza kwa sauti.

Tarehe 15, Ijumaa. Tano kasoro.

Limerudi likivutwa kwa kamba na lori la Walter.

Tarehe 17, Jumapili. Nne na nusu.

Fundi Optatus kaja, kafungua. Watu wamejaa uani kana kwamba kuna arusi. Dorika naye yupo penye ua, na wanawake wa mtaa. Hedi ikainuliwa, ikawekwa juu ya gunia.

Ina ufa. Kutoka tundu hadi tundu, unaingia ukucha. Fundi kasema hii haichongwi wala haichomelewi, imekwisha. Kisha kaingiza bisibisi kwenye njia za maji, akatoa magamba meusi, makavu, kama ukoko wa chungu kilichoungua. Kafungua rejeta: magamba. Kila maji yalipotakiwa kupita pameziba. Injini imejipika yenyewe mpaka kichwa kikapasuka.

"Nani kaweka lami humu?" kauliza. Hakupayuka. Aliuliza kwa huzuni, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Mimi mikono yangu nimeificha ndani ya kanga.

Nikasema: "Muulize huyo! Vijana wa siku hizi wanapaka chochote wanachokiokota. Nimesema mpaka mdomo umekauka!"

Anwari aliinua macho akanitazama mara moja. Si kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayehakikisha kitu alichokwisha kukijua. Kajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Ni mimi, fundi," kasema.

Walter akapiga mbinja. Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, lami kwenye injini, si aende akajenge barabara.

Nimeandika kama ilivyokuwa.

Tarehe 18. Nne na robo.

Tarehe 19. Nne na robo. Watoto wa njiani wanamwita Anwari Bwana Lami. Anapita tu.

Tarehe 22. Tatu na nusu. Mnada umelipa. Pesa yote ikiingia kwenye hedi mpya bado haifiki. Anwari kaifungua ile tabo, kaiweka chini ya kitanda. Nikamuuliza kwa nini asiitupe. Hakunijibu, na mimi leo sina mdomo wa kumgombeza asiponijibu.

Tarehe 25. Tatu. Anashuka bondeni kwa miguu na madumu mawili begani. Anaondoka alfajiri, anafika adhuhuri. Dumu moja linafika limepungua, maana anakunywa njiani.

Tarehe 27. Mbili na nusu.

Tarehe 28. Mbili na nusu. Mawingu mchana, yakaenda Msumbiji.

Tarehe 30. Mbili. Mara kumi nimeanza kumwambia. Nasema "Anwari", anasema "Naam, bibi", nasema kuku wameingia jikoni. Kuku hawapo jikoni.

Tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili. Moja. Maji ya chini yana tope, tunachuja kwa kanga.

Tarehe 4, Jumatano. Ufito umetoka na tope ncha tu. Hakuna pingili.

Tarehe 5, Alhamisi. Hakuna.

Asubuhi mtoto ana upele shingoni na mapajani, siku ya tatu anafutwa kwa kitambaa tu. Nimetoka shambani nikamkuta Pendo anakunja nguo kwenye begi.

"Unakwenda wapi?"

"Lupaso, bibi. Baba kasema kwao kisima cha kijiji bado kina maji. Kaka atakuja Jumamosi kunichukua."

"Mke mwenza, unaniachia mume peke yangu?"

Siku zote tukitaniana hivyo anajibu. Leo kakunja kanga, kaiweka juu ya nyingine, akaipapasa. "Mpaka mvua, bibi. Siwezi kumwangalia hivi."

Mtoto alikuwa amelala kitandani, shingo nyekundu. Hamudi. Babu yake sijawahi kumlaza bila kumuogesha hata siku moja.

Nikachukua ndoo.

Kutoka mlangoni kwangu mpaka kwa Dorika ni hatua hamsini na sita. Nimezihesabu maana sikutaka kufikiri kingine. Lori la Walter limemaliza korosho, limerudi kwenye maji, tangi lao limejaa, na wanawake saba au wanane wamepanga foleni. Waliponiona na ndoo wakageuka wote. Wengine wale wale waliocheka siku ya fundi.

"Hodi, Mama Walter."

"Karibu, Mama Hamudi." Dorika alikuwa amekaa kigodani karibu na bomba la tangi. Kaitazama ndoo. "Hiyo inatembea au imetumwa?"

Kumbe aliliweka neno langu kama lilivyo.

"Imetumwa," nikasema. "Naomba ya kumuogesha mtoto."

Mmoja nyuma akasema, Bwana Lami si alikuwa anapanda na matangi mawili, maji yake yako wapi? Wakacheka. Mwingine akasema masikini bibi wa watu, kuponzwa na kijana mjinga uzeeni.

Ningeweza kukaa kimya. Ndoo ilikuwa karibu kujazwa, na huruma yao ilikuwa upande wangu. Lakini lile neno kijana mjinga sikuweza kuliacha lipite.

"Si Anwari," nikasema. "Ni mimi. Mafuta ni ya maganda, nilikamua mimi, nikamlazimisha apake. Alisema inatosha, nikasema aongeze. Siku ya fundi nilimsukumia yeye mbele yenu wote, na ninyi mkacheka, na mimi nikawaacha."

Nilikuwa nimeshika mpini wa ndoo mpaka unaniuma.

Dorika kasema polepole, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Hivyo vidole. Mimi nimebangua korosho maisha yangu yote, Mama Hamudi. Hakuna lami inayobabua hivyo. Wiki tatu unakwenda sokoni umevificha kwenye kanga na jua lote hili. Nilikuwa nangoja uniambie nani kakuunguza."

"Na hukusema kwa watu?"

"Kusema yako kazi yangu? Lete ndoo. Tangi langu halina mlango wa mbele wala wa uani, lina bomba tu."

Kajaza mpaka juu. Kanitwisha mwenyewe. Nilimwaga kidogo njiani.

Pendo kamuogesha mtoto kwenye beseni. Akapiga maji kwa miguu, akacheka.

Tarehe 6, Ijumaa. Hakuna.

Habari ilishuka bondeni kabla Anwari hajapanda. Kafika na madumu yake, kayatua, kakaa karibu nami barazani. Nikangoja. Nilikuwa nimeshapanga maneno, nimeyapanga tangu asubuhi.

Kasema, "Bibi, ungenyamaza tu. Mimi bado kijana, yangu yatasahaulika. Wewe watakusema mpaka kaburini."

Nikamwambia avue fulana aiweke kwenye maji ya mtoto yaliyobaki, inanuka.

Kavua.

Tarehe 7, Jumamosi. Hakuna.

Kaka yake Pendo kaja. Nilifikiri ile ndoo ingembakisha. Haikumbakisha, na nisiposema uongo, hata mimi ningeondoka. Kaniinamia, kasema, "Shikamoo, mke mwenza. Mvua ikinyesha narudi." Mtoto kaondoka msafi, amepakwa mafuta, upele umeanza kufifia.

Anwari kawasindikiza mpaka barabarani. Gari lipo juu ya mawe, kichwa chake chini ya gunia.

Tarehe 8. Hakuna. Mbingu nyeupe.

Tarehe 9, Jumatatu.

Asubuhi nimefunua kisima nikashusha ufito. Anwari alikuwa anafunga kamba za madumu.

"Bibi, unapima nini humo?"

Nikamwambia apishe mwanga. Nikauvuta. Mkavu mpaka ncha, hata tope halina.

"Haya, chukua daftari na kalamu," nikamwambia. "Andika."

"Niandike nini?"

"Andika mkavu. Na usiniangalie."